Halikuwa Tumbo, Mama Elisha

Mpendwa mke wangu, Mama Elisha,

Naomba radhi kwa kukuandikia mahali ambapo macho ya wengine yatafika. Ulikuwa mtu wa kurudisha mlango kwanza, ndipo useme jambo la nyumbani. Leo mlango nimeuacha wazi kwa makusudi. Barua hii nimeinakili mara mbili kwa mkono wangu: nakala moja ni ya ubao wa matangazo wa usharika, iwapo wazee wataikubali, ya pili ni ya ukuta wa zahanati, iwapo hawataikubali.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tulipokulaza hapa kibanjani, kati ya migomba uliyoipanda mwenyewe. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, kahawa imezaa kwa wastani, na yule mbuzi wako mkorofi bado anavuka kwenda kula maharage ya jirani, nami bado nakwenda kuomba radhi kwa niaba yake. Ulizoea kunicheka kwa hilo. Ulisema, "Baba Elisha, siku moja utauomba radhi hata mgomba kabla ya kuukata." Ndivyo walivyotulea misheni: mwungwana hutangulia kuomba msamaha, hata kabla hajajua kosa. Nimeishi hivyo kwa zaidi ya miaka sabini. Kwa sababu hiyo nataka uelewe mapema kwamba jambo nitakalokueleza sikuliombea radhi kwa mtu yeyote, na kwako pia sitaliombea.

Unalikumbuka lile benchi la nje ya hospitali, tulipokuwa tukisubiri gari la kurudi? Daktari, kijana mpole, alikuwa amelitaja jina la ugonjwa mara mbili, polepole, kisha akasema, "Mama, ungekuja mapema tungekuwa na la kufanya." Hakukukaripia. Nadhani ingekuwa afadhali angekaripia mtu, na mtu huyo angekuwa mimi. Kwa miezi mingi ulikuwa ukianika vitambaa vyako nyuma ya jiko, chini ya majani ya migomba, mahali pasipofika jua, ilhali kamba ya nguo ilikuwa wazi uani. Niliviona. Nilikohoa kidogo kila nilipopita, ili ujue ninakuja, kisha nikaendelea na safari yangu. Nililelewa kutokuuliza.

Pale kwenye benchi ulinishika kifundo cha mkono.

"Wakiuliza, waambie ni tumbo."

"Mama Elisha, daktari amesema..."

"Tumbo. Wakisikia ni huko kwingine, wataanza kuuliza nilikuwa natembea na nani. Mimi nimezaa, nimelea, nimezeeka kwenye nyumba hii moja. Sitaki kuzikwa na swali hilo. Niahidi."

Nikakuahidi. Na ahadi nikaitimiza kwa mwandiko wangu ulio bora kuliko yote niliyowahi kuandika.

Watakaosoma hawajui wote, kwa hiyo niwaeleze. Huku kwetu mtu akifariki, kabla ya jeneza kushushwa husomwa wasifu wake: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, aliacha watoto na wajukuu wangapi, aliuguaje, alikufaje. Kwa miaka mingi kalamu ya wasifu huo imekuwa yangu. Kuanzia Ihanda hadi Nyaishozi, na hata huko kwenu Bugomora, msiba ukitokea mtu hupanda baiskeli na kuja kunibishia hodi: "Mwalimu, tumepatwa. Tunaomba utuandikie." Sikuwahi kukataa. Na kila tulipofika kwenye sentensi ya ugonjwa, familia hutazamana, kisha mmoja husema kwa sauti ya chini, "Andika tumbo." Au kiuno. Au "aliugua kwa muda mrefu." Mimi nikaisafisha sentensi, nikaongeza neno "uvumilivu" na neno "imani", ikapendeza.

Wewe nilikuandikia hivi: "Mama Elisha alianza kusumbuliwa na tumbo, akavumilia kwa imani hadi Bwana alipomwita." Mwinjilisti aliposoma watu walilia. Nikadhani nimekuheshimu.

Kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, acha nikukumbushe ule mwaka wa mnyauko wa migomba. Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akasimama mbele yetu na kusema kuhusu vimelea, uambukizo na usafi wa zana, kwa Kiswahili cha vitabu. Tulipiga makofi. Njiani ukaniuliza, "Umemwelewa?" Nikasema nimemwelewa vizuri sana. Ukasema, "Basi ni wewe peke yako. Wenzako wote wamekwenda kuazimana panga, kama kawaida, na kesho watabeba ugonjwa kutoka kibanja hiki kwenda kile. Rudi ukawaambie panga linabeba mnyauko kama mkono unavyobeba upele. Alichoka kukisema kitu rahisi, akakisema kigumu." Nilirudi, nikawaambia. Walielewa. Tangu hapo, kila mtaalamu alipokuja kijijini, ulinikalisha jikoni jioni na kunitaka nikueleze alichosema, na palipokuwa na neno gumu ulinyanyua mwiko juu na kusema, "Hapo sijafika. Rudi nyuma." Sikupata mwalimu mwingine kama wewe, pamoja na wote walionifundisha misheni.

Sasa nikueleze la mkutano.

Kulitangazwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule ya msingi, kuhusu chanjo ya wasichana. Muuguzi wa zahanati yetu, Adelina, binti mwenye bidii na moyo safi, alisimama na karatasi zake. Akasema, "Serikali imeleta afua ya kinga kwa walengwa wa umri husika, ili kupunguza mzigo wa saratani ya mlango wa kizazi." Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakatazamana. Mmoja akamwuliza jirani yake kwa Kinyambo ni mzigo gani huo na utabebwa na nani. Mwenyekiti akaniita mbele: "Mwalimu, tusaidie."

Nilimwomba radhi Adelina, kisha nikaanza kama ulivyonifundisha. Niliwaambia kwamba nyumba anamolala mtoto kabla ya kuzaliwa ina mlango, na kwamba kwenye mlango huo panaweza kuota ugonjwa, ukakua kimya kwa miaka mingi bila maumivu. Ugonjwa huo huletwa na kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho hupita kati ya mwanamume na mwanamke kitandani. Chanjo hii haitibu mwenye kuugua. Humlinda msichana kabla hajakutana na kitu hicho, ndiyo maana huchanjwa akiwa mdogo, wala si kwamba kuna anayemdhania vibaya. Nikawauliza: ninyi mnapochagua mche wa mgomba, mnachagua ulio safi na kuulinda, au mnangoja majani yawe ya njano ndipo mkimbilie kumwita bwana shamba?

Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, wamekupa soda ngapi?"

Watu wakacheka. Mama mmoja naye akadakia, "Kama ni nzuri hivyo, tuanze kukuchanja wewe!"

"Mwanangu," nikamjibu, "wakiukubali uzee huu, nitakunja mkono wa shati sasa hivi."

Wakacheka tena, na mkutano ulikuwa ukielekea pazuri. Ndipo akasimama Mzee Kamugisha. Unamfahamu: mzee wa kanisa mwenzangu, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kaburi lako na kukataa hata kikombe cha chai. Si mtu mbaya. Alivua kofia.

"Waitu, ndugu zangu, mimi nina swali moja tu. Watu wanasema sindano hii inawafunga watoto wetu uzazi. Mimi sijui, sikusoma. Ila najua kuzika. Kijiji hiki tunazika pamoja, na kila tunapozika tunasomewa mtu alikufa na nini. Nimesikiliza maisha yangu yote. Sijawahi kusikia ugonjwa huo hata siku moja. Na anayeandika ni wewe, Mwalimu, hapa umesimama. Tuambie mbele ya watu: umewahi kuuandika?"

Adelina alinitazama, na watu wote nao wakanitazama. Nikaliona kosa langu zima, Mama Elisha, kama mtu anavyoliona bonde lote anapofika juu ya kilima. Sikuwa nimemsitiri mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimeufuta ugonjwa katika kijiji kizima. Wanawake waliukosa katika masikio yao kwa sababu kalamu yangu iliukosa katika karatasi, na damu ilipowatoka wakadhani ni tumbo, kwa kuwa tumbo ndilo lililowaua mama zao. Mzee Kamugisha hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma ushahidi pekee aliopewa, nao niliuandika mimi.

Nikasema, "Sijawahi kuuandika. Lakini nimeuzika."

Kisha nikaivunja ahadi yako. Nikasema, "Mke wangu hakufa kwa tumbo. Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alilitaja jina hilo mara mbili, nami nilikuwepo. Damu ilimtoka miezi mingi, akiwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, na mimi nilijua kuna jambo, nikakohoa na kupita. Kwenye wasifu nikaandika uongo, nanyi mkaulilia."

Mtu mmoja upande wa kushoto, sitamtaja, akaguna na kusema lile ulilokuwa ukiliogopa: kwamba mwanamke hapati hicho nyumbani. Nilikuwa nimelitarajia. Nikamgeukia.

"Kitu hicho hakina mguu," nikasema. "Kilifika kwa mke wangu kikiwa kimebebwa, na muuguzi atawaambia kinaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Mimi kabla ya ndoa, kabla sijaitwa Mwalimu, nilikuwa karani kijana mwenye baiskeli mpya, na sikuwa malaika. Yeye aliolewa hajui mwanamume. Ukitafuta aliyekibeba, anza na mimi. Nimesimama hapa, sihitaji kutafutwa."

Sikumbuki nilivyoketi. Nakumbuka mama mmoja tuliyemzika mwaka mmoja kabla ya hapo akitajwa kwa sauti ndogo na binti yake: "Na yule wetu pia." Halafu mwingine. Mwenyekiti akaufunga mkutano kwa haraka, bila hata sala.

Elisha alikuja siku iliyofuata. Hakuketi. Alisema, "Baba, umemvua mama nguo mbele ya kijiji."

Nilimwambia kwamba nguo ile niliifuma mimi, na kwamba wanawake wengine wamekufa kwa kujifunika nayo. Akasema nimezeeka. Nikakubali, kwa kuwa ni kweli. Akasema Koku, binti yake na mjukuu wako, hatachanjwa hadi nikanushe nilichosema. Hapo sikukubali.

Wazee watatu wa kanisa walifuata, Mzee Kamugisha akiwemo, kwa heshima zote, wakaketi, wakanywa chai. Walikuwa wamekwisha kuandika tamko langu ili kunipunguzia kazi. Lilisema kwamba kutokana na uzee na majonzi nilitamka mambo yasiyo na hakika, na kwamba nawaomba radhi waumini wote. Nilipaswa kulisoma Jumapili, kabla ya matangazo. Nililisoma mara mbili. Kwa mazoea nikasahihisha mkato mmoja uliokaa vibaya, kisha nikawarudishia bila sahihi yangu.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa kuomba radhi," Mzee Kamugisha akasema, kwa masikitiko ya kweli. "Neno hilo lina ugumu gani kwako leo?"

"Ndugu yangu," nikamwambia, "nitaomba radhi kwa kila karatasi niliyoandika uongo, moja moja, hadi koo likauke. Kwa ukweli huu mmoja, hapana. Wewe ulitaka ushahidi. Nimekupa. Sasa unataka nikunyang'anye?"

Alimaliza chai yake, akanipa mkono, akaondoka.

Siku ya chanjo wasichana waliofika walikuwa wachache kuliko Adelina alivyotumaini, na wengi kuliko wazee walivyotumaini. Koku alizuiwa nyumbani. Nilisimama kwenye lango la shule tangu asubuhi, na kila mzazi aliyetaka kuuliza nilimjibu nilichokijua. Nisichokijua nilimpeleka kwa Adelina. Wapo wanaosema mambo ya sayansi ni ya wataalamu, na kwamba mzee mstaafu hana cheo cha kuyasema. Nawajibu hapa kwa maandishi: mtaalamu na alete ujuzi wake, nasi tulete ushahidi wa nyumba zetu. Sera iliyoandikwa kwa lugha isiyofika jikoni ni dawa iliyofungiwa kabatini, na msiba unaodanganya ndio kufuli. Wote tumeshiriki kufunga.

Kalamu ya wasifu imenitoka. Wiki chache baadaye walikuja watu wa Nyaishozi waliofiwa na mama yao. Niliwapa pole, nikawaomba radhi kwa ufukara wa nyumba ya mjane mwanamume, kisha nikauliza mama alikufa kwa ugonjwa gani. "Tumbo," wakasema. Nikauliza daktari alisemaje. Wakasimama, wakaaga. Nasikia siku hizi kuna kijana mwenye kompyuta anayewaandikia, na maua pembezoni. Ninamtakia heri, na ninamwonya.

Ungeniuliza sasa kama nimepata faida yoyote. Sikiliza hili, maana ni kwa ajili yake nimekuandikia.

Alasiri moja nilikuwa nimeketi kwenye mkeka uani, nikichambua kahawa. Edina, mke wa Elisha, akaja. Alipiga magoti mbali kidogo, akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Hakuondoka. Unajua desturi: mkamwana hazungumzi na baba mkwe mambo ya mwili, hata homa humtuma mtoto aieleze. Aliinuka, akaingia jikoni kwako, akasimama nyuma ya ukuta, na mimi nikaelewa. Nikageuka nikaupa ukuta mgongo, nikaendelea kuchambua kahawa.

"Baba," sauti ikasema, "ulisema mama damu ilimwanza vipi?"

Mikono yangu ilisimama. Niliilazimisha iendelee, ili asikie punje zikianguka na asiogope.

"Kidogo kidogo, mwanangu. Siku zake zilikuwa zimekoma, damu ikarudi. Na baada ya... baada ya mume na mke kulala."

Akasema, "Yangu ni ya miezi minne."

Miezi minne, Mama Elisha. Wewe ulikaa mara tatu ya hiyo kabla ya lile benchi.

Nilimweleza kila nilichokijua, huku nimeupa ukuta mgongo. Kwamba si kila damu ni ugonjwa ule. Kwamba kwa wanawake wasio na dalili, zahanati hupaka siki kwenye mlango ule wa kizazi, siki ile ile ya kachumbari, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe, hata pakaweza kutibiwa mapema. Kwamba yeye mwenye damu asiishie hapo, aende hospitali wakamchunguze vizuri. Akaniuliza kama inauma. Nikasema sijui, na kwamba naona aibu kutojua, kwa sababu sikuwahi kukuuliza. Nikamsikia akilia, halafu nikamsikia akicheka katikati ya kilio: "Baba, hakuna mkamwana Karagwe nzima aliyewahi kusema na baba mkwe maneno haya."

"Basi tumekuwa wa kwanza," nikasema. "Kamwambie mumeo leo, kabla ya chakula. Akikataa, nitakwenda nawe mimi, na watakaocheka wacheke."

Elisha hakukataa. Asubuhi aliwasha pikipiki yake, akampakia mkewe. Alipopita hapa alisimama, hakuzima injini wala hakunisalimu. Alinitazama tu kwa muda, kisha akaenda. Bado hajasema nami. Lakini juzi Edina mwenyewe alimshika Koku mkono hadi zahanati, na mtoto akarudi akinionyesha bega lake, akilalamika kwamba halina hata alama ya kujivunia.

Hospitali wamemkata Edina kipande kidogo sana cha nyama ili kipimwe. Majibu ni Alhamisi. Sijui yatasema nini, na sitajifanya najua. Yanaweza kuwa mabaya. Lakini daktari hakusema "ungekuja mapema." Alisema, "Umefanya vizuri kuja." Elisha alikuwepo akayasikia maneno hayo kwa masikio yake.

Mke wangu, kama huko uliko umeniona pale uwanjani, na kama umenikasirikia, una haki. Ulikuwa na siri moja tu maishani, ukanikabidhi mimi, nami nimeigawa kama mbegu. Unilaumu tutakapoonana, nitasikiliza hadi mwisho bila kukukatiza. Ila sitairudisha. Alhamisi nitavaa koti langu la Jumapili, nitakwenda pamoja nao hospitali, Elisha akipenda asipende, na jina la ugonjwa, lolote litakalotajwa, nitaliandika kama lilivyo na kurudi nalo kijijini nikiwa nimeinua kichwa.

Pumzika, Mama Elisha. Huku bado kuna maneno ya kusema.

Ni mimi mumeo,
Baba yake Elisha